Nikienda kwenye akika ya mtoto wa mdogo wangu, nitakuwa nimeibariki dini yake?

SWALI

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Moshi mjini, mzaliwa wa Machame. Ni Mlutheri, na kwa miaka mitano sasa ni kiongozi wa wanawake katika usharika wetu. Kwetu tumezaliwa sita, mimi ndiye wa kwanza. Baba alifariki miaka minne iliyopita, tukamzika kihambani, shamba letu la nyumbani, na kaburi lake lina msalaba. Mama ana miaka 71 na bado anaishi pale pale nyumbani.

Kitinda mimba wetu ana miaka 31, anauza vipuri vya pikipiki Arusha. Miaka miwili iliyopita alisilimu akaoa binti wa Kondoa. Sikufurahi, na sikuficha. Lakini sikumfukuza wala sikumsema kwa watu. Wifi nampokea vizuri, sina neno naye.

Tarehe 6 mwezi huu wamepata mtoto wa kiume. Mdogo wangu ametangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba akika, yaani kuchinja mbuzi kwa ajili ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, itafanyika tarehe 26, siku ya 21 tangu mtoto azaliwe, nyumbani kwa mama, kwa sababu ukoo mzima utakuwa umepanda Krismasi. Ustadhi atatoka mjini kuja kuchinja na kusoma dua.

Mimi ndiye mweka hazina wa ukoo. Kila Desemba kaya 12 tunachanga shilingi 60,000, jumla 720,000. Mwaka huu bajeti ni hii: mbuzi wawili 300,000, kitimoto kilo 12 kwa 144,000, mbege 60,000, mchele na ndizi na soda 166,000, na sadaka ya ibada ya shukrani kanisani 50,000. Yeye naye amechanga kama wengine. Sasa anaomba mbuzi mmoja wa ukoo awe wa akika, wa pili atamnunua mwenyewe.

Nilimwambia dini yake naivumilia, ila asinitake nichangie ibada yake. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Dada, mwaka wa pili huu unanivumilia. Mimi sitaki kuvumiliwa kama mvua. Kama unanipenda, kubali kwamba dini yangu ni ya haki, uje ukae na sisi." Nililia. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia akaniambia nikikanyaga pale nitakuwa nimeibariki dini nyingine, na kiongozi hawezi kunywea vikombe viwili. Ndugu zangu wamegawanyika. Mama nilipomuuliza nani ana haki alisema, "Ninyi wote wanangu, msinishikishe mimi kisu."

Jambo jingine linaniuma. Mwaka jana tulipofanya ibada ya kumbukumbu ya baba kanisani, mdogo wangu hakuingia. Alikaa nje chini ya mparachichi mpaka tulipomaliza, ndipo akaja kubeba viti. Mimi niliona amemdharau baba. Leo anataka mimi niingie kwenye ibada yake!

Na hili sijamwambia mtu: kwa mila yetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba. Nawaza siku mama hayupo, kaburi la baba na ule msalaba vitakuwaje.

Nisaidie kutenganisha. Kuvumilia kunaishia wapi, na kukubali kunaanzia wapi?

Dada Mkubwa, Moshi

JIBU

Marahaba, dada yangu. Hongera, umekuwa shangazi tena. Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu katika barua nzima sijaona kama umeshakwenda Arusha kumwona mtoto.

Kama nimekuelewa, una imani yako na hutaki kusema kwa kinywa wala kwa kitendo kwamba dini nyingine ni sawa na yako. Pia una mdogo wako unayempenda, na hutaki kumpoteza. Watu wawili wamekuja na kanuni zinazokaribiana sana, ingawa wao wenyewe hawajui. Mzee wa kanisa anasema: ukiwepo, umekubali. Mdogo wako anasema: usipokubali, hukuwepo. Wote wawili wamefunga kuwepo na kukubali kwa kamba moja, na wewe umebaki katikati ukivutwa.

Tulitazame neno lenyewe. Mtu havumilii anachokipenda. Kuvumilia kuna maana pale tu ambapo jambo hulikubali, una uwezo wa kulizuia au kulitia ugumu, na unaacha kufanya hivyo. Wewe uwezo unao. Ni dada mkubwa, unashika fedha, na mama anakusikiliza. Ungeamua, wifi yako asingekunywa hata chai pale Machame. Kwa miaka miwili hukuutumia uwezo huo, na hilo ni jambo zito kuliko unavyolihesabu. Kwa hiyo unapomwambia "nakuvumilia" unasema kweli tupu. Ila ukweli huo, ukisemwa peke yake na mtu aliyekulea, unasikika baridi. Sidhani kama kwenye ile sauti alikuwa anaomba umkirie kwamba Uislamu ndio njia. Huenda alikuwa anauliza kama bado ana dada, akakosa maneno mengine. Muulize. Usikubali ninavyodhani mimi.

Haki yake ya kuamini haiko mkononi mwako wala mwangu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Hapo huombwi ruhusa. Upendo wako ni jambo la pili, na huo ni wako kutoa. La tatu ni kukiri kwamba anachoamini ni kweli, na hili hakuna anayeweza kukudai, hata kwa jina la upendo. Dini yake mwenyewe haikudai. Sura ya 109 ya Kurani inamalizia kwa kusema nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu. Na katika Sura ya Luqman, aya ya 15, mtoto ambaye wazazi wake wanamsukuma kwenye ibada asiyoiamini anaambiwa asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema hapa duniani. Hiyo ni kutokubali na kukaa pamoja, vyote katika aya moja. Akikupa nafasi, mkumbushe kwa upole; anazijua.

Sasa nakuomba tukae kidogo chini ya ule mparachichi. Uliona dharau. Mimi nikisoma maelezo yako namwona mtu aliyepanda kutoka Arusha kwa ajili ya baba yake, akangoja ibada ambayo dhamiri yake haikumruhusu kuingia, hakuondoka, hakulalamika, kisha akabeba viti. Hakuikubali ibada, wala hakumkana baba. Inawezekana alikuwa anatafuta jibu la swali lile lile unaloniuliza leo, na akalipata kwa mwili wake. Kama alichokifanya kilikuumiza, basi unajua kutoka ndani jinsi yeye atakavyoumia ukikaa nje tarehe 26. Na kama unaona ungestahili kukaa nje bila kuitwa mwenye dharau, yeye naye anastahili hesabu hiyo hiyo.

Kuna hesabu nyingine, ya fedha. Gawanya bajeti yako kwa kaya 12. Katika shilingi 60,000 alizotoa mdogo wako, 12,000 ni za kitimoto, 5,000 za mbege, na kama 4,170 ni sadaka ya kanisani. Zaidi ya 21,000 zimekwenda kwenye vitu ambavyo dini yake inamkataza au haimhusu. Je, ameibariki ibada ya shukrani? Nadhani utasema hapana, amechangia ukoo. Basi jiulize kwa nini fedha yake ikipita mfukoni mwa ukoo inakuwa ya ukoo, na yako ikipita hapo hapo inakuwa ya akika. Huenda una jibu zuri. Sadaka ile iliwekwa kwa makubaliano ya zamani, na hili ni ombi jipya. Lakini jibu hilo linahusu utaratibu wa ukoo, halihusu dhamiri, na ni vema ujue unatetea lipi.

Nilitaka pia ujue akika ni nini hasa, maana kwenye barua umeiita "ibada yake" kwa jumla, na ndani yake kuna mambo mengi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Tanzania wanayafuata, ni sunna iliyosisitizwa, si faradhi. Mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili, wa kike mmoja, na kwa wa kiume hata mmoja hutosha kama uwezo ni mdogo. Siku bora ni ya saba. Ikipita, wengi huifanya ya 14 au ya 21. Mtoto hunyolewa, na madini ya fedha yenye uzito wa nywele zake, au thamani yake, hutolewa sadaka. Mbuzi huchinjwa kwa jina la Mungu na kwa kumtaja mtoto. Nyama inapendekezwa ipikwe na kulishwa watu, na mifupa ikatwe kwenye viungo bila kuvunjwa.

Na hili ndilo la kukufaa zaidi: akika ni jukumu la baba wa mtoto, kutoka mali yake. Mbuzi wa ukoo hahitajiki ili akika itimie. Mmoja wa kwake anatosha, au anaweza kununua wawili, na mbuzi wa ukoo wakabaki wa ukoo, wa Krismasi, kama kila mwaka. Kama anakosa fedha ya mbuzi wa pili, wewe kama shangazi unaweza kumpa zawadi ya mtoto kutoka mfukoni mwako, na matumizi yakawa yake. Wengine wataona hiyo ni njia ile ile kwa mlango wa nyuma. Utapima mwenyewe kama dhamiri yako inatofautisha zawadi na mchango.

Kuhusu kuwepo, usijiulize "niende au nisiende" kwa mkupuo. Siku ile ina vipande. Kuna kupokea wageni, kumenya ndizi, kumshika mtoto. Kuna kusimama wakati wa kuchinja, kukaa wakati wa dua, kuinua mikono, kuitikia "Amina", kula. Kila kipande kinasema neno tofauti mbele ya wanaokutazama. Kumenya ndizi kwa mama yako hakuna Mmachame atakayekuita kusilimu. Kuinua mikono na kuitikia kunaweza kueleweka hivyo, na kama huamini unachoitikia, mdogo wako mwenyewe hapaswi kukutaka useme uongo mbele ya Mungu. Kati ya hapo kuna kukaa kimya, mikono mapajani, dua ikisomwa. Waislamu wengi wamezoea majirani Wakristo wanaokaa hivyo, sawa na wanavyokaa wao kwenye misiba yetu.

Mzee wako amekukumbusha vikombe viwili, na maneno hayo yapo, 1 Wakorintho 10:21. Endelea kusoma sura hiyo hiyo. Mstari wa 27 Paulo anasema asiyeamini akikualika na ukataka kwenda, kula unachowekewa bila kuulizauliza. Wa 28 anasema ukiambiwa kimetolewa sadaka, usile. Tazama anavyogawa: kwenda ni jambo moja, kula jingine, na kula baada ya kuambiwa ni jingine tena. Wapo pia watakaokuambia mstari wa 28 unaihusu nyama ya akika, na hawakosi hoja. Halafu soma 2 Wafalme 5:18. Naamani, aliyekwisha kumwamini Mungu wa Israeli, anamweleza Elisha kwamba kazi yake inamlazimu kuingia hekaluni mwa Rimoni na kuinama pamoja na mfalme anayeegemea mkono wake. Elisha hakumsifu, hakumkemea. Alimwambia aende kwa amani. Watu wameusoma mstari huo kwa namna nyingi, na sitakufungia maana yake.

Ninalokushauri kuhusu kanisa ni kwenda kwa mchungaji kabla ya tarehe 26. Ukienda baada, itakuwa kujitetea, na habari itakuwa imeshafika kwa mdomo wa mwingine. Usimuulize kama unaruhusiwa, maana swali pana hupata jibu pana. Mpe vipande: "Nitapika, nitakaa, sitaitikia. Unaonaje?" Inawezekana akasema hata hivyo ukae kando kwa ajili ya wale unaowaongoza, na hapo utalazimika kupima uongozi na undugu. Siwezi kukupimia.

Sasa njia zenyewe, na hatari zake.

Ukibaki mjini siku hiyo, imani yako itakuwa wazi kabisa, lakini wewe ndiye unayesimamia jiko la Krismasi; pengo lako litaonekana tangu lango la kihamba, na wadogo zako watagawanyika kukufuata au kukupinga. Ukienda na kushiriki kila kitu ili kumfurahisha, utatulia siku moja na kujuta mwaka mzima, na mwakani utakosa pa kusimama. Ukienda nusu, yaani uwepo bila kushiriki dua, hatari yake ni kutoelezwa. Ukiinuka ghafla katikati ya dua, utaonekana unatoka kwa hasira hata kama unakwenda kutazama sufuria. Hiyo njia inafanya kazi kama mdogo wako ameijua kabla, kwa kinywa chako, si kwenye kundi la WhatsApp. Njia ya nne ni akika ifanyike Arusha kwake, na tarehe 26 aje tu kumwonyesha mtoto kwa ukoo. Ni safi kwa dhamiri za wote, lakini mama wa miaka 71 atalazimika kusafiri, na kama wazo hilo likitoka kwako mdogo wako atasikia amefukuzwa nyumbani kwa baba yake. Likitoka kwake ni jambo jingine.

Ikifanyika Machame, mambo madogo ndiyo yataharibu siku. Kwetu mbuzi akiangushwa tu, mtu anakinga damu ya kisusio, supu yetu ya damu. Kwa Mwislamu damu inayotiririka ni haramu, na mjomba akisogea na bakuli wakati ustadhi ameshika kisu, mtaona aibu wote. Mwambieni mapema asubiri mbuzi wa ukoo. Anayekata nyama kwa shoka naye aambiwe kuhusu mifupa. Sufuria iliyopika kitimoto tarehe 25 isirudi jikoni tarehe 26. Kodini mbili za akika, na visu na mbao za kukatia ziwe mbali. Kilo 12 za kitimoto ziliwe na kuisha tarehe 25, na mbege ikae nyumba ya baba mdogo. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa kama kilo 11 au 12 za nyama na mifupa, kwa hiyo wawili wanatosha watu 80 kwa pilau, msiwaite wageni 200. Na mdogo wako amuulize sheikh wake mapema kuhusu kuwalisha nyama hiyo ndugu wasio Waislamu, ili asije akaambiwa sahani zikiwa tayari. Kufanya haya yote si kukubali dini yake. Ni kumpa mgeni asichokatazwa.

Kabla ya siku hiyo kuna jambo ambalo halina dini ndani yake. Wifi yako ni mzazi wa siku chache. Mpelekee mtori. Nunua nyama bucha ambalo yeye analiamini, upike kwenye sufuria safi, uteremke stendi ya Arusha na chupa yako ya moto. Maongezi kuhusu tarehe 26 yatakuwa mengine kabisa mkiwa mmemkalia mtoto kuliko kwenye simu.

Nimeacha mwisho lile ulilosema hujamwambia mtu, kwa sababu naona limeibeba barua yote. Ninashuku akika isingekuuma hivi kama isingekuwa pale uani, hatua chache kutoka kwa kaburi la baba. Unaogopa kwamba mbuzi huyu ni wa kwanza, na mwisho wake ni msalaba kung'olewa. Hofu hiyo ni ya haki, lakini kukataa akika hakuitibu. Inatibiwa kwa karatasi. Je, msimamizi wa mirathi ya baba ameshateuliwa na mahakama? Kama bado, mnahitaji kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, na humo humo andikeni eneo la makaburi, vipimo vyake kwa hatua, njia ya kulifikia, na kwamba alama za makaburi hazitaguswa na yeyote atakayepewa nyumba. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, eneo hilo lionekane. Mdogo wako naye aandike anataka azikwe wapi na kwa taratibu zipi, maana Waislamu huzika haraka, na familia nyingi zimegombania maiti kwa sababu marehemu hakuacha neno. Pia ajue kwamba katika mirathi ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Akitangulia yeye, mama anaweza kubaki nje ya mgao, isipokuwa kama amemwandikia wasia, ambao kwa asiye mrithi hauzidi theluthi. Mlijadili hili kama ndugu wanaolindana, baada ya Krismasi, watu wakiwa wametulia.

Tarehe 26 haiko mbali na mbuzi wa Desemba hupanda bei kila siku, kwa hiyo suala la fedha ya ukoo limalize wiki hii, kwa kura ya kaya zote 12, ukiwa mweka hazina na si dada. Halafu panda Machame peke yako, jioni moja. Mama alikataa kusema nani ana haki, na alifanya vema. Lakini kwa ulivyoandika, sijaona aliyemuuliza kama yeye mwenyewe anataka mbuzi hao wachinjwe uani kwake.